Mama Mwalimu Anajibu: Jiwe la babu ambaye hakurudi kutoka Burma

SWALI: Shikamoo Mama Mwalimu. Binti yangu anafanya kazi New York. Amenitumia picha ya jiwe la ukumbusho lililo kwenye ukuta wa kanisa la St. Paul's, barabara ya Broadway, kando ya makaburi ya zamani ya kanisa hilo. Anasema ni la ofisa wa jeshi, Jenerali Richard Montgomery, aliyeuawa Quebec, Kanada, Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao kwa Waingereza. Kilichonishangaza ni kwamba jiwe lilikuwapo miaka mingi kabla ya mwili kufika.

Nauliza kwa sababu babu mzaa baba alikuwa koplo wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), akafa Burma mwaka 1944. Hana kaburi tunalolijua. Tumebaki na nishani moja na barua aliyomwandikia bibi kwa Kiswahili, ambayo bibi alisomewa. Mimi na ndugu zangu tunataka kumwekea jiwe katika makaburi ya kanisa letu hapa Tororo, karibu na bibi. Shangazi zangu wamekataa. Wanasema jiwe bila mwili linaita kifo kingine nyumbani. Baba mdogo anasema mawe kama hayo ni ya maofisa, koplo hastahili. Kasisi naye ana wasiwasi na mambo ya vyeo vya jeshi kanisani. Tufanyeje, na kama tutaliweka, tuandike nini?
— Msomaji, Tororo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msalimie binti yako na umshukuru kwa picha hiyo. Nitaanza na jenerali wake, maana habari yake ukiieleza vizuri nyumbani itakufanyia nusu ya kazi.

Montgomery alizaliwa Ireland mwaka 1738, akawa ofisa katika jeshi la Mwingereza. Baadaye aliacha jeshi, akahamia New York na mwaka 1773 akamwoa Janet Livingston, binti wa ukoo mkubwa wa huko. Walikaa pamoja miaka miwili hivi. Vita vilipoanza mwaka 1775, Bunge la Wamarekani lilimpa ujenerali akapigane na jeshi lilelile alilolitumikia ujanani. Akaingia Kanada, akauchukua mji wa Montreal mwezi Novemba. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 1775, katika dhoruba ya theluji, akaongoza kikosi kuushambulia mji wa Quebec. Mzinga mmoja ulifyatuliwa, akaanguka pale pale pamoja na wasaidizi wake. Alikuwa na miaka 37.

Tazama jinsi wakubwa wake walivyoharakisha. Tarehe 25 Januari 1776, hata mwezi haujatimia, Bunge lilipitisha kwamba atengenezewe jiwe la ukumbusho, kwa gharama isiyozidi pauni 300. Tangazo la uhuru lilikuwa bado. Hilo lilikuja Julai. Yaani watu hawa waliamua kumkumbuka aliyewafia kabla hata hawajajitangaza kuwa nchi, na hilo ndilo jiwe la kwanza la ukumbusho kuagizwa na Bunge lao. Kazi alikabidhiwa Benjamin Franklin, naye alipofika Paris alimpa Jean-Jacques Caffieri, mchongaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyelimaliza mwaka 1777. Likasafirishwa kwenye makasha likafika Edenton, North Carolina, likakaa huko miaka. Vita vilikwisha likiwa bado kwenye makasha. Ni mwishoni mwa miaka ya 1780 ndipo lilipowekwa mahali binti yako alipolikuta.

Na mwili? Waingereza walimzika kwa heshima ndani ya mji wa Quebec siku chache baada ya vita. Msimamizi wa mazishi alikuwa mtu aitwaye James Thompson. Miaka ikapita. Janet hakuolewa tena. Mwaka 1818, kwa ombi lake, jimbo la New York lilipata ruhusa ya kumrudisha mumewe. Je, nani angejua kaburi lilipo baada ya miaka 42? Thompson alikuwa bado hai, mzee wa zaidi ya miaka 80, akaenda akaonyesha mahali. Wakachimba, wakaipata mifupa. Ikateremshwa kwa mashua kwenye mto Hudson, na Janet, ajuza sasa, akaomba aachwe peke yake barazani kwake aitazame ikipita. Tarehe 8 Julai 1818 ikazikwa St. Paul's, chini ya jiwe lililokuwa likiisubiri.

Mwambie binti yako arudi atazame vizuri, ataona maandishi ya namna mbili. Ya kwanza ni ya Bunge: yanataja tarehe ya azimio, yanasifu uvumilivu wake, yanasema alianguka katika shambulio la Quebec tarehe 31 Desemba 1775. Ya pili ni ya jimbo la New York, yaliyoongezwa mwili ulipofika: yanasema mabaki yake yameletwa kutoka Quebec na kuwekwa chini ya jiwe hili. Hakuna aliyeyafuta ya kwanza, kwa kuwa hayakuwahi kusema uongo. Hayakudai kwamba jenerali amelala hapo. Yalisema alipofia.

Hapo ndipo jibu la shangazi zako lilipo, nami nakuomba usiwabishie. Mimi ni mjumbe wa kamati ya makaburi ya parokia yetu hapa Jinja, na hofu kama yao nimeisikia kwa akina mama wengi wenye akili timamu. Kaburi kwetu ni nyumba ya mtu. Ukijenga nyumba, ukatangaza kwamba fulani yumo, na hayumo, umedanganya walio hai na waliokufa. Wana haki ya kuogopa uongo huo. Majirani zetu Wajaluo upande wa Kenya, mtu akipotea majini au vitani mwili usipatikane, huzika tunda la mwegea mahali pake. Kwingine huzikwa kipande cha mgomba. Wazee hao walijua kwamba shimo haliachwi tupu. Basi nyinyi msichimbe shimo. Msipandishe udongo, msijenge umbo la kaburi lenye kichwa na miguu. Simamisheni jiwe tu, au libandikeni kwenye ukuta wa kanisa kasisi akiridhia, na liseme kwa maneno ya wazi kwamba mwili haupo hapo. Halafu nenda kwa shangazi mkubwa, umsomee maneno hayo kabla fundi hajaanza kuchonga. Kama wazee wa ukoo wana jambo la mila la kutangulia, wao ndio waseme. Hilo si la Mwalimu kuamua kwenye gazeti.

Waambie pia kwamba kanisa lao linaijua habari ya mtu kufia mbali. Askofu Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na mifupa yake ilizikwa Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Kampala, tarehe 31 Desemba 1892. Mmisionari Alexander Mackay alifia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1890, akaletwa Namirembe mwaka 1927. Hao walibahatika kuletwa. Babu yako hataletwa, na katika hali hiyo jiwe ndilo linalobaki kufanywa.

Sasa baba mdogo. Nitasema kwa adabu, lakini nitasema: amekosea, na kosa lake limewaumiza watu wengi katika bara hili. Vita vya Montgomery vyenyewe vinamjibu. Alikuwapo katika vita hivyo askari mweusi aitwaye Peter Salem, mtumwa aliyeachwa huru ili aandikishwe jeshini. Alipigana Concord, Bunker Hill na Saratoga. Alikufa mwaka 1816 akiwa maskini, akazikwa katika makaburi ya zamani ya mji wa Framingham, Massachusetts, bila jiwe la maana. Mwaka 1882, miaka 66 baadaye, mji wenyewe ndio uliomsimamishia jiwe, likataja vita alivyopigana kimoja kimoja. Jenerali aliagiziwa marumaru kwa mwezi mmoja, askari akangoja miaka 66. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba damu ya mmoja ilikuwa nzito kuliko ya mwenzake.

Hata Waingereza walipounda tume yao ya makaburi ya vita mwaka 1917, ile inayoitwa leo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, walikubaliana kwamba jiwe la ofisa na la askari litakuwa sawa kwa ukubwa na umbo. Sheria ilikuwa nzuri, lakini Afrika haikufuatwa. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: kwa Vita Kuu vya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Askari na wapagazi. Baba zao na mama zao walikufa wakingoja habari. Kwa hiyo baba mdogo akisema koplo hastahili jiwe, mwambie maneno hayo yaliwahi kusemwa na watu waliokuwa na mamlaka, na wenyewe wameyajutia.

Kuhusu vita vya pili, vya babu yako, hali ni nafuu kidogo, na hapa una kazi ya kufanya kabla ya kutafuta jiwe. Tume ina daftari la majina ambalo mtu yeyote analipekua bure kwenye intaneti. Mwambie kijana wa nyumbani atafute jina la babu. Askari wengi wa Uganda waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye Ukumbusho wa Rangoon, katika makaburi ya vita ya Taukkyan nje ya mji wa Yangon, kwenye nguzo zenye karibu majina 27,000. Wengine wana makaburi hasa. Kwa hiyo usikubali kwamba babu hana kaburi mpaka umetafuta, huenda analo na hakuna aliyewaambia.

Msitafute kwa tahajia mnayoiandika leo peke yake. Karani wa Keya aliandika alivyosikia. L ikawa R, jina la baba likawa la ukoo, la kwanza likawa la mwisho. Namba ya jeshi ndiyo mwongozo wa kuaminika, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni hiyo barua aliyoandikiwa bibi. Askari wa wakati ule aliandika namba yake pamoja na anwani ili jibu limfikie. Kama jina halimo kabisa, na karatasi mnazo, mwandikieni tume na kuwatumia nakala. Huwa wanapokea ushahidi na kuongeza majina. Barua yenyewe msimpe mtu aondoke nayo. Pigeni picha pande zote mbili, na nakala moja iwekwe parokiani.

Kama babu alikuwa Batalioni ya 4 ya Keya, ile ya Uganda, basi alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, kwenye matope, malaria na homa ya vichakani, ikawafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin na kuingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Tarehe ya kifo chake ikipatikana, mtajua alifika wapi katika safari hiyo. Na ulizeni wazee. Thompson wa Quebec alikuwa na zaidi ya miaka 80 alipoonyesha kaburi, angekufa mwaka mmoja kabla, mjane yule angeletewa nini? Waliopigana pamoja na babu wamekwisha karibu wote, lakini watoto wao wapo, na walisikia mengi wakiwa wamekaa kando ya moto. Nendeni mwezi huu.

Suala la kasisi ni jepesi kuliko anavyodhani. Jiwe la Montgomery lina silaha zilizochongwa kando ya safu yenye mtungi wa majivu, na liko kwenye ukuta wa kanisa tangu karne ya 18. Mimi binafsi nisingeweka bunduki kwenye jiwe la babu. Msalaba na jina vinatosha. Lakini cheo kiandikwe, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho alipokufa, na ndicho kitakachomsaidia mjukuu wa mjukuu kumtafuta kwenye madaftari.

Cheo chenyewe kiwe cha karatasi. Montgomery alipandishwa kuwa meja jenerali tarehe 9 Desemba 1775, akafa wiki tatu baadaye kabla habari haijamfikia, na jiwe linamwita meja jenerali kwa sababu azimio la Bunge lipo limeandikwa. Nyumbani kwetu vyeo hupandishwa na simulizi: koplo anakuwa sajini kwenye matanga, kapteni kwenye harusi. Katika Keya ya wakati wa vita ile Mwafrika hakupewa uofisa. Mkiandika "Kapteni, 1944", mtu yeyote anayejua historia atajua si kweli, na atatilia shaka maneno yote mengine. Koplo ni cheo cha heshima. Mwandikeni koplo.

Maneno ningeyaweka hivi, nanyi mrekebishe mkishapata karatasi:

KWA UKUMBUSHO WA
(jina lake kamili, kama lilivyo kwenye daftari)
KOPLO, KING'S AFRICAN RIFLES
(namba yake)
MZALIWA WA (kijiji chake)
ALIFIA VITANI BURMA, 1944
MWILI WAKE HAUPO HAPA
JIWE HILI LIMEWEKWA NA WAJUKUU WAKE
(mwaka)

Umeuliza kimyakimya habari ya lugha, naona barua yako imetaja kwamba bibi alisomewa ile ya babu. Mchonge kwa Kiswahili, lugha aliyoamriwa nayo na kuandika nayo, na mstari mmoja wa lugha ya nyumbani ambao shangazi wataupenda. Chini acheni nafasi tupu ya kiganja kizima. Siku jina lake likipatikana kwenye nguzo ya Taukkyan, au kaburi likijulikana, mtaongeza mstari, kama New York walivyoongeza wa kwao.

Kuhusu jiwe lenyewe, nina maoni makali, kwa sababu nimeyaona makaburi yetu yakifa kabla ya waombolezaji. Bamba la saruji lenye herufi za rangi halimalizi miaka 10, jua na mvua vinalila, na Tororo saruji ni rahisi kupatikana kiasi kwamba kila fundi atawashawishi. Terazo ikipasuka, maji huingia na sahani nzima hubanduka. Bamba la shaba litaibiwa liuzwe skrapu. Marumaru ni nzuri, lakini ni laini, na ikikaa nje herufi zake hufifia. Chukueni granaiti, hata kipande kidogo, na herufi zichongwe ndani kwa kina, zisipakwe. Mwambieni fundi aandike maneno yote kwenye karatasi kwanza, mtu anayejua kusoma ayakague herufi kwa herufi, asaini. Jiwe likishachongwa vibaya halina kifutio.

Idhini ya kanisa iwe ya maandishi, yenye saini ya kasisi na wazee wa kanisa, ikitaja ukubwa wa jiwe na mahali litakaposimama. Makasisi huhamishwa, na anayekuja hatakuwa amesikia makubaliano yenu. Siku ya kuliweka, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mwezi Novemba, inafaa, na ibada ipo tayari. Kitambaa akifunue shangazi mkubwa. Kama hajaridhia, ngojeni. Msiweke jiwe siku ambayo binti wa marehemu amekaa nyumbani kwa hasira.


SWALI: Mama Mwalimu, msalaba wa marumaru kwenye kaburi la mama umeota ukungu mweusi na kuvu. Mlinzi wa makaburi ametushauri tuusugue kwa brashi ya waya na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ni sawa?
— Msomaji, Mbale

JIBU: Hapana, tafadhali msifanye hivyo. Brashi ya waya hukwaruza marumaru, na kila mkwaruzo ni shimo jipya la kuvu kukaa. Dawa ya kung'arishia hubaki ndani ya jiwe ikikauka na kulimomonyoa polepole. Tindikali ya kusafishia choo ni mbaya zaidi, inaliyeyusha mbele ya macho yako. Tumia maji safi mengi na brashi laini ya nywele au ya plastiki. Lowesha jiwe lote kabla ya kugusa, sugua kwa mizunguko midogo kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, kisha suuza tena. Kuvu kavu ilowekwe kwanza, na ikwanguliwe kwa kijiti cha mti kisicho na ncha kali. Kama herufi zinameguka ukizigusa kwa kidole, acha kabisa kusafisha, piga picha maandishi siku ya jua la asubuhi likipiga kwa ubavu, yanakili kwenye daftari la familia, na umwite fundi wa mawe aje alitazame.